Asilimia Mia ya Bwawa la Ikulu

Nchi yenyewe sitaitaja, maana raia wake ni wengi na wana haya. Itoshe kusema kwamba ilikuwa na ziwa kubwa, jeshi la kutosha, na Wizara ya Maji na Pumzi, ambayo peke yake ndiyo iliyokuwa na mamlaka ya kujua kama maji yanapumua.

Jambo hilo halikuwa mzaha. Watu wa kando ya ziwa lile walikuwa wafugaji wa sato. Walifunga nyavu kwenye mapipa matupu yaelee, wakavitia nanga vizimba vyao majini, na humo wakawalisha samaki kama mtu anavyolisha kuku. Maji yakiishiwa oksijeni, samaki wa ziwani huondoka akatafuta pengine. Wa kizimbani hufa pale pale, na mwenye kizimba huenda mjini kuomba kibarua. Kwa hiyo wizara ilitega boya kwenye kila ghuba, na chini ya kila boya kihisi, kifaa kirefu kama tochi, kilichopima oksijeni iliyoyeyuka majini. Kila asubuhi redio ya taifa ilisoma namba. Ikisema asilimia sitini, watu walikunywa chai yao. Ikishuka chini ya thelathini, walikimbilia boti na kuvuta vizimba kwenda kwenye maji mapana yenye upepo.

Aliyehakikisha namba hizo ni za kweli alikuwa Zamda, mhandisi wa wizara, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyochunika kwa jua na maji. Kihisi kikikaa sana majini hushikwa na utelezi, utando wake huchoka, na taratibu huanza kuripoti mambo yasiyokuwepo, kama watumishi wengi walioachwa kituo kimoja muda mrefu. Zamda alivizungukia kimoja kimoja, akavisafisha, akakiweka kila kimoja juu ya sponji yenye maji, na kukiacha kipumue hewa ya kawaida mpaka namba itulie. Hapo alibonyeza kitufe na kukiambia: hii ndiyo mia. Kazi hiyo huitwa kusawazisha. Hewa aliyoitumia ilikuwa hii hii tunayoivuta mimi na wewe. Haikuwa imeombewa kibali popote, na matatizo yalianzia hapo.

*

Asubuhi moja Mlezi Mkuu wa nchi alikuwa mezani akipaka siagi mkate, redio ikiwa wazi. Mtangazaji akasema maji ya Ghuba ya Kasanda yamefikia asilimia ishirini na nane. Mlezi Mkuu akaweka kisu chini.

"Nani amechukua sabini na mbili?" akauliza.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu wote waliokuwepo walidhani wanatuhumiwa.

Kabla ya saa ya chakula cha mchana, Mheshimiwa Lyaganda, Waziri wa Maji na Pumzi, alikuwa ameitisha kikao. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, na siku hiyo jasho lilimtoka mpaka kwenye tai. Akaeleza kwamba uchunguzi wake, aliokuwa ameufanya garini akija, umegundua hujuma. Vipimo vya taifa vilikuwa vikisawazishwa kwa hewa ya ovyo, hewa inayovuka mipaka bila kukaguliwa, iliyokwisha pumuliwa na mataifa ambayo hatuna uhusiano nayo mzuri. Kuanzia sasa, akatangaza, mia ya taifa itatoka mahali pamoja tu penye heshima ya kutosha, yaani bwawa la maua la Ikulu.

Sisi wananchi tulipoisikia habari hiyo tulifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kitu kutoka Ikulu kugawiwa watu wote.

*

Zamda aliitwa Ikulu pamoja na mkurugenzi wake, Bwana Luhende, mtu mpole ambaye hakuwahi kumaliza sentensi mbele ya waziri. Waliwakuta Mheshimiwa Lyaganda na ofisa mmoja wa usalama wamesimama kando ya bwawa.

Lilikuwa la marumaru. Maji yake yalikuwa ya kijani kizito, kama mlenda uliolala. Samaki wa mapambo walikuwa wamekufa zamani, na mahali pao wamewekwa samaki wa plastiki waliofungwa kwa uzi wasigeuke tumbo juu. Mtumishi alipita akinyunyiza marashi.

Zamda akatumbukiza kihisi. Namba ikashuka, ikashuka tena, ikatulia.

"Kinasemaje?" akauliza waziri.

"Asilimia ishirini na tano, Mheshimiwa."

"Hiyo ndiyo mia. Kiambie."

Zamda akamtazama Bwana Luhende. Bwana Luhende alikuwa anatazama marumaru.

"Mheshimiwa, kwa heshima zote," Zamda akasema, "kifaa hiki kinaamini chochote ninachokiambia. Hakina mwingine wa kumuuliza."

"Basi kina nidhamu kuliko wewe."

"Watu wanavuta vizimba kwa kufuata hii namba. Nikikiambia robo ni mia, siku maji yakifika robo watakaa wametulia."

"Utulivu ndiyo sera yetu," akasema waziri.

Ofisa wa usalama akasogea. Alizungumza taratibu, kama mtu anayeulizia hali ya nyumbani. "Mumeo ni mwalimu Kasanda, siyo? Kuna shule kule mpakani, kwenye yale mashamba ya mabomu ya zamani. Watoto wanalalamika hawana mwalimu wa hesabu."

"Mheshimiwa, labda tungeweza..." akaanza Bwana Luhende, akaishia hapo.

Zamda alihisi kidole chake kimekuwa cha mtu mwingine. Akabonyeza. Kioo kikawaka, kikaandika mia. Waziri akapiga makofi, ofisa akapiga makofi, na mtumishi wa marashi akaweka chupa yake chini naye apige. Kisha yakaletwa makasha yenye vihisi vya ghuba nyingine zote, na Zamda akavidanganya vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka jua likapinduka.

*

Kesho yake redio ilisoma namba ambazo hazijapata kusikika. Kasanda, mia na kumi na mbili, na waliokuwa wamekwisha kuvuta vizimba wakavirudisha. Ghuba ya mashariki, mia na hamsini. Katikati ya ziwa, kwenye mawimbi, karibu mia nne. Mtangazaji aliishiwa na pumzi, akaomba radhi. Wizara ikaunda kamati ya kuuza ziada nje ya nchi, nayo kamati ikaondoka mara moja kwenda kutafuta soko katika miji yenye hoteli nzuri.

Zamda hakusubiri chai. Alikwenda Kasanda kwa wifi yake, Nyamizi, dada wa mumewe, mjane aliyelea watoto wake kwa vizimba. Alimkuta kwenye boti akimwaga chakula cha samaki. Chembe zilielea juu ya maji bila kuguswa.

"Hawali," Nyamizi akasema bila kuinua kichwa. "Redio inasema mia na kumi na mbili, na hawali. Nimeanza kujiuliza kama nina wazimu."

"Huna wazimu, wifi. Namba yoyote utakayoisikia, igawe kwa nne."

Nyamizi akagawa. Alipomaliza akaweka ndoo chini.

"Nani alifanya hivyo?"

"Wizara."

"Wizara haina vidole. Nani alibonyeza?"

"Nilibonyeza mimi."

Boti iliyumba kidogo. Nyamizi alimtazama kwa muda mrefu, na Zamda akatamani atukanwe, maana tusi lina mwisho.

"Walimtaja kaka?" akauliza hatimaye.

"Walimtaja."

"Mm." Akaanza kufungua kamba ya nanga. "Shuka. Mimi navuta vizimba vyangu leo hii. Na wewe nenda ukawaambie wengine."

Zamda alizunguka nyumba kwa nyumba. Wengi walimsikiliza kwa adabu. Wachache walimwamini. Lakini aliyemwamini na asiyemwamini walikuwa na hofu moja, kwani asubuhi ile ile amri ilikuwa imetoka: kwa ajili ya Siku ya Pumzi ya Taifa, itakayofanyika Kasanda mbele ya Mheshimiwa Waziri, vizimba vyote viletwe karibu na gati na vipangwe kwa mistari, ili vipendeze kwenye picha. Kumhamisha samaki kutoka kwenye hewa ya asilimia zaidi ya mia kungehesabiwa kuwa ukatili kwa wanyama na dharau kwa dola.

Nyamizi alivuta vyake akavificha nyuma ya visiwa vya mawe, mahali palipojaa miamba hata boti za wizara hazikuthubutu kupita. Aliporudi na boti tupu, polisi walikuwa wamekaa kwenye benchi la nyumbani kwake. Walimwuliza samaki wako wapi. Akawaambia wameenda kupunga upepo. Wakamfunga pingu.

*

Mvua ya baridi ilinyesha mkesha wa sherehe na haikukatika hadi asubuhi. Zamda, aliyeagizwa kusimama jukwaani kama mtaalamu, alipofika gatini alisikia harufu ya mayai viza, akajua. Maji ya juu yalikuwa yamepoa na kuzama, na yale mabovu yaliyolala chini yalikuwa yanapanda. Akatazama kioo cha boya. Kilisoma arobaini na nane. Namba hiyo ilikuwa bado mbali juu ya thelathini, na hakuna mtu aliyekuwa akikimbilia boti.

Akamvuta Bwana Luhende mkono. "Ni kumi na mbili. Ya kweli ni kumi na mbili. Waambie wavute sasa hivi."

"Zamda, Mheshimiwa ameshaanza... yaani protokali..."

Akamwacha. Akashuka jukwaani, akapita kati ya wafugaji waliopangwa mstari wakiwa wameshika bendera ndogo, akimwambia kila mmoja kwa sauti ya chini: vuta, vuta sasa. Mzee mmoja aliinua mguu. Askari waliosimama mbele ya boti wakageuza vichwa wote kwa pamoja. Mzee akaurudisha mguu wake mahali pake, akaendelea kupunga bendera huku machozi yakimtoka.

Mheshimiwa Lyaganda alikuwa anahutubia. Alisema kabla ya uongozi huu maji yalikuwa yakipumua kwa taabu, tena kwa kificho. Alisema leo tone la maji la nchi hii linaweza kutembea kifua mbele mahali popote duniani. Na hapo samaki wakaanza kupanda.

Walikuja juu kwanza wachache, kisha kila kizimba kikajaa midomo, maelfu ya midomo ikifunguka na kufunga hewani, na sauti yake ilikuwa kama mvua ndogo kwenye bati. Waziri akakatiza hotuba. Uso wake ukajaa furaha ya kweli, maana mtu huyu, pamoja na yote, hakuwahi kumtazama samaki aliye hai.

"Ndugu wananchi," akasema, "hata wao wamekuja kunisikiliza. Tazameni wanavyoshangilia."

Viongozi wakapiga makofi. Wapiga picha wakapiga picha. Wafugaji walisimama na bendera zao, wakitazama mali yao ikiomba hewa. Hotuba ilipofika mwisho hapakuwa na mdomo uliosogea. Matumbo meupe yalikuwa yamejipanga kwa mistari, sawasawa na vizimba vilivyopangwa.

Taarifa ya wizara ilitoka jioni. Ilisema sato wa Kasanda wamefariki kwa kuvimbiwa hewa, tatizo linalozikumba nchi zilizoendelea haraka. Wananchi waliombwa waone fahari kwa kiasi.

*

Msiba huo ungezikwa kama mingine, kama si karamu. Mlezi Mkuu alikuwa amealika wakuu wa nchi jirani kuja kula sato wa kizimba, aliyewatangazia kuwa ndiye samaki anayepumua vizuri kuliko wote. Wageni walikuwa njiani. Samaki wa kuletwa kutoka nje wangekuwa aibu. Ghuba ya mashariki bado ilikuwa na vizimba vya watu, lakini samaki wake walikuwa vifaranga wasiotosha kukaangwa. Samaki wakubwa walio hai walikuwa wa mtu mmoja, naye alikuwa mahabusu.

Mheshimiwa Lyaganda alifika kituoni akiwa na Bwana Luhende na Zamda. Walimkuta Nyamizi ameketi sakafuni juu ya kanga yake.

"Mama Nyamizi," waziri akaanza kwa upole ambao haujazoea kutumika, "taifa linakuhitaji."

"Taifa limenilaza kwenye saruji."

"Ilikuwa ni kutoelewana tu. Mlezi Mkuu ana karamu, na wageni wako njiani. Hao samaki wako wapi?"

"Wanapumua."

Waziri akajifuta jasho. "Utafutiwa nishani."

Nyamizi alimgeukia Zamda, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wanatazamana tangu siku ile kwenye boti. "Ghuba ya mashariki leo inasomaje?"

Zamda akamwangalia waziri, kisha akaacha kumwangalia. "Themanini na nne. Jana ilikuwa mia na thelathini. Upepo umegeuka, unayasukuma yale maji mabovu kuelekea kule."

"Themanini na nne," Nyamizi akarudia, akigawa. "Na wale wa mashariki wanajua?"

"Wanasikiliza redio."

"Basi sikiliza, Mheshimiwa. Twende gati la mashariki sasa hivi. Wifi yangu akisawazishe kile kifaa kwa hewa ya pale pale, mbele ya watu, na redio itangaze namba itakayotoka. Ukifanya hivyo, samaki utawapata kabla ya karamu."

"Hewa ya gatini haijaidhinishwa."

"Basi wakaangie wageni wako samaki wa plastiki."

Bwana Luhende akakohoa. Waziri akatembea mpaka ukutani, akarudi. Mtu akimtazama aliweza kuona ndani yake hofu mbili zikishindana, ya karamu isiyo na samaki na ya namba ndogo redioni, na ya karamu ilikuwa karibu zaidi.

"Tutaiita hewa ya muda," akasema.

*

Watu wa mashariki waliitwa kwa kengele ya shule, wakajaa gatini wasijue wameitiwa nini. Askari walikuwepo. Mtangazaji wa redio alikuwepo na kipaza sauti chake. Waziri alisema maneno machache kuhusu hewa ya muda, ambayo hakuna aliyeyaelewa, kisha akarudi nyuma.

Zamda akakitoa kihisi kwenye boya. Akafuta utelezi, akaukagua utando wake, akalowesha sponji. Akakiweka juu yake, akasubiri.

Kihisi hakiharakishwi. Namba ilicheza huku na huko, na gati lote likawa linaisikiliza. Simu ya waziri ikaita. Akaitazama, akasimama wima.

"Ndiyo, Mtukufu. Samaki wapo, Mtukufu. Hapa? Hapa tunafanya usafi wa vifaa."

Ofisa wa usalama, yule yule wa bwawani, alisogea mpaka Zamda akasikia pumzi zake shingoni. "Mpaka ni mbali, mama," akamnong'oneza. "Mwalimu ataumwa mgongo njiani."

"Mume wangu nimeshamwambia," Zamda akasema bila kugeuka. "Amefunga sanduku."

Alikuwa amemwambia asubuhi ile, jikoni, kwamba hatakidanganya tena kifaa chochote. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama kule mpakani kuna chaki.

Namba ikatulia. Akabonyeza. Mia. Kisha akakishika kifaa kwa waya wake, akakishusha majini.

Tisini. Sabini. Hamsini. Watu wa mbele waliokiona kioo walianza kuwaambia wa nyuma. Thelathini na tano. Ikasimama kidogo, na waziri akatabasamu. Ikaendelea kushuka. Ishirini na nne. Ishirini na moja. Kumi na tisa. Ikabaki hapo.

"Soma," Nyamizi akamwambia mtangazaji.

Mtangazaji akafungua mdomo, akamtazama ofisa, akaufunga. Halafu akanyoosha mkono na kukiweka kipaza sauti mbele ya mdomo wa Zamda.

"Mimi ni Zamda wa Wizara ya Maji," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye redio zote za kando ya ziwa. "Ghuba ya mashariki ni asilimia kumi na tisa. Vuteni vizimba. Namba za nyuma zilikuwa za uongo, na niliyeziweka ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Kwa muda mfupi hakuna hata aliyesogea, maana askari walikuwa wamesimama mbele ya boti, kama kule Kasanda. Kisha mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akatembea moja kwa moja mpaka kwa askari wa kwanza, akamwambia, "Nipishe, mwanangu." Askari alikuwa na umri wa kuwa mwanawe kweli. Akapisha. Na baada ya hapo gati likawa mbio tupu, kamba, mawingu ya moshi wa injini, watu wakiitana majina ya vizimba vyao.

Waziri alibaki akimuuliza Bwana Luhende kama kumi na tisa inaweza kusomwa kwa namna nyingine. Bwana Luhende alivua koti lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti.

"Haiwezi, Mheshimiwa," akasema, akaondoka kwenda kushika kamba.

Ofisa alimshika Zamda bega. "Ukimaliza hapa, utakuja na sisi."

"Nikimaliza," akasema Zamda.

Nyamizi alikuwa ameshaingia kwenye boti ya jirani, alama za pingu zingali mikononi mwake. Kizimba cha karibu kilikuwa kimeanza kuonyesha midomo juu ya maji, michache. Akarusha ncha ya kamba, ikatua miguuni pa Zamda.

"Weka chini hicho kifaa, wifi," akasema. "Vuta."

Zamda akakiweka chini, akavuta. Kizimba kilikataa mwanzoni, kizito kama nyumba, kisha kikajongea.